Kulala ndani ya gari kwenye baridi ya nyanda za juu: matatizo ya msafiri wa Dar na namna ya kuyatatua

Kuanzia Juni mpaka Agosti watu wengi wa Dar es Salaam hujikuta wamelala kwenye gari bila kupanga. Mmoja amekwenda msibani Njombe, nyumba imejaa, wanaume wameambiwa wajisitiri wanavyoweza. Mwingine anapeleka gari la IT, yaani linalopita nchini kwenda nje, mpaka Tunduma na posho haitoshi gesti ya kila usiku. Kuna wanaosubiri viazi vipakiwe Makambako, na kuna familia iliyokwama kwenye foleni ya Kitonga mpaka giza likaingia. Wote wametoka mahali ambapo usiku wa Julai ni nyuzi 19 au 20, wamefika mahali ambapo ni chini ya 10. Makete na Kitulo umande huganda juu ya majani.

Malalamiko wanayorudi nayo yanafanana, na mengi yana mzizi mmoja. Mtu wa pwani akisikia baridi, kwanza anaziba kila upenyo, pili anatafuta moto. Ndani ya gari, hayo mawili ndiyo yanayoleta maji kwenye vioo, kichwa kuuma na, mara nyingine, kifo. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Nenda kwenye ile inayokuhusu, ila sehemu ya kuumwa kichwa isome hata kama huumwi.

Umelala vizuri, saa tisa usiku unaamka unatetemeka

Karibu kila anayelalamikia hili anasema alikuwa na blanketi zito. Muulize alilalia nini: atakuambia siti. Sponji ya siti ikikandamizwa na mwili inakuwa nyembamba, chini yake kuna chuma, na chini ya chuma hewa ya baridi inapita uvunguni usiku kucha. Blanketi liko juu, baridi inaingilia chini.

Pitisha mkono kati ya mgongo wako na ulicholalia. Pakiwa baridi kuliko tumboni, umeshapata jibu, na tiba yake ni kuhamisha tabaka moja kutoka juu kwenda chini. Boksi kubwa lililokunjuliwa, la friji au la televisheni, linasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mikunjo yake imenasa hewa. Maduka ya Kariakoo huyatoa kila jioni. Juu ya boksi weka mkeka, juu ya mkeka godoro jembamba la sponji au blanketi la pili lililokunjwa. Godoro la kujaza upepo halitoshi peke yake: hewa iliyomo inazunguka na kulipeleka joto lako chini. Kama ndilo ulilo nalo, tandika blanketi juu yake.

Sababu ya pili ni jasho. Umetoka Dar na fulana ya pamba, joto la Chalinze limekulowesha, jioni Iringa umevaa koti juu ya fulana ileile. Pamba iliyolowa hainyamazi, inanyonya joto la mwili mpaka asubuhi. Kabla ya kulala vua vyote vya mchana, hata soksi, uvae vikavu. Kichwani mzula, shingoni skafu au khanga. Sweta za sufi na makoti mazito hupatikana kwenye mitumba ya Karume kwa bei ya kawaida kwa sababu wateja wengi wa Dar hawana haja nayo. Ukibahatika kuona mfuko wa kulalia, kagua zipu, na ukaguse ndani: uliolala na kujikunja mabonge haushiki joto tena.

Halafu kuna tumbo. Mwili unatengeneza joto kutokana na chakula, kwa hiyo kulala na chai na andazi tu ni kujitafutia tabu. Kula mlo kamili jioni, na uende haja ndogo kabla hujajifunika, maana kutoka nje saa nane usiku kunakupotezea joto ulilokusanya kwa saa nyingi. Ulanzi na pombe nyingine uziache. Zinafungua mishipa ya ngozi, unajisikia una joto, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka.

Vioo navyo vinapoteza joto kwa wingi. Ile kava ya kung'aa unayoweka kwenye kioo cha mbele ukiegesha juani Posta, ibebe. Usiku inazuia joto lisitoke, na inazuia macho ya watu, jambo ambalo nitalirudia.

Ukitaka msaada wa haraka, mwombe mama lishe akuchemshie maji, uyatie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko kisichovuja, uivishe soksi nene na uiweke katikati ya mapaja. Chupa za maji za dukani hazifai, plastiki yake inajikunja na kumwaga. Usimwekee mtoto mdogo, wala mgonjwa wa kisukari ambaye ganzi imemfanya asisikie miguu. Wataungua bila kujua.

Sasa jambo ambalo wasafiri wa Dar hulisahau. Kama wewe peke yako unatetemeka, wenzako wamelala, na umejifunika vya kutosha, inawezekana si baridi ya Makambako. Malaria uliyoambukizwa nyumbani wiki moja au mbili zilizopita inaweza kukupandia ukiwa safarini, na huanza kwa baridi na kutetemeka. Gusa paji la uso na kifua: mwenye baridi ya hewa ngozi yake ni baridi, mwenye homa huchemka, na mara nyingi viungo na kichwa humuuma. Usimalizie usiku kwa kuongeza mablanketi. Nenda kituo cha afya ukapime.

Na acha kabisa kujitibu ukiona mwenzako ameacha kutetemeka huku bado ni baridi, anaongea kwa ulimi mzito, anashika vitu vinamponyoka au anajibu mambo yasiyoulizwa. Mwili wake umeshindwa kujipasha joto. Mvue nguo zilizolowa, mfunike kavu, mpashe kifua na tumbo kwanza, usimsugue mikono na miguu, usimpe pombe, na mumpeleke hospitali. Watoto na wazee hufika hatua hii mapema kuliko kijana aliye pembeni yao.

Vioo vinatiririka maji na blanketi limelowa

Maji hayo yametoka mapafuni mwenu. Pumzi ya mtu mmoja aliyelala usiku mzima hubeba karibu nusu glasi ya maji, na kioo cha baridi kinayageuza matone. Wakilala watu wanne ndani ya Noah iliyofungwa, hesabu unaiona.

Karibu kila mara sababu ni kuziba madirisha. Shusha kioo upana wa kidole, kimoja upande wa kushoto mbele na kingine upande wa kulia nyuma, ili hewa iwe na pa kuingilia na pa kutokea. Utaona kama unaikaribisha baridi. Ukweli ni kwamba hewa kavu ya nyuzi nane inavumilika ndani ya blanketi kavu kuliko hewa yenye unyevu ndani ya blanketi lililolowa. Kama kuna mbu au unaogopa mkono wa mtu, bana kipande cha chandarua kwa ndani.

Kama umeacha nafasi na bado panalowa, tafuta chanzo kingine: viatu na makoti yaliyonyeshewa, taulo la kuogea, dumu lisilo na kifuniko, kufunika uso kwa blanketi ukapumulia ndani yake. Vilivyolowa vyote viende kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa.

Mwisho, inua mazulia. Sakafu ikiwa chepechepe na mvua haijanyesha, kunaweza kuwa na uvujaji wa hita, nitaueleza chini. Mvua ikiwa imenyesha, kagua raba za milango. Jua la Dar huzikausha na kuzipasua.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, futa vioo kwa kitambaa kikavu, kisha washa AC na joto kwa pamoja, ukielekeza upepo kwenye kioo cha mbele. Wengi wetu tunaijua AC kwa ubaridi tu, ila kazi yake nyingine ni kukausha hewa, na ikishirikiana na joto ukungu wa ndani unaondoka haraka. Usiingie barabarani ukichungulia kupitia tundu ulilofuta kwa kiganja. Ukungu wa alfajiri Mafinga unatosha peke yake.

Mmeamka kichwa kinauma, kuna anayetapika

Toka nje kwanza. Fungua milango yote, watoe wenzako, zima injini, ndipo uanze kutafuta sababu. Kwingine kote naanza na sababu ya kawaida zaidi, lakini hapa naanza na ya hatari kwa kuwa haikupi nafasi ya pili.

Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Hutokea kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha. Ukiivuta, inashikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, hivyo damu inazunguka bila kubeba inachotakiwa kubeba. Dalili zake ni kichwa kizito, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, dalili ambazo dereva aliyechoka hazishangai. Aliyekwisha kulala haamki kuzisikia.

Inaingiaje kwenye gari? Kwa jiko la mkaa, kwanza kabisa. Watu huliwasha nje, wanasubiri moshi uishe, wanaliingiza kati ya siti wakiamini limekuwa salama. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa gesi hii kwa wingi. Kuyafukia majivu hakusaidii, na dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi kuitoa. Nalisema hili kwa uzito wote nilio nao: jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari wanamolala watu, hata kwa dakika kumi, hata kama wenyeji wamelifanya miaka yote. Jiko dogo la gesi nalo ni hivyohivyo.

Njia ya pili ni injini iliyoachwa inaunguruma ili hita ifanye kazi. Gari likitembea, upepo unaufagia moshi. Likisimama, moshi unajikusanya chini ya bodi na kupanda kupitia matundu ya kutu, raba ya buti iliyochoka au mpira wa gia uliopasuka. Magari yanayoegeshwa karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, hula kutu uvunguni kwa sababu ya chumvi, mwenye gari asijue mpaka alipandishe juu ya shimo la fundi. Hatari inazidi ukirudi kinyumenyume mpaka ekzosi ikaegemea ukuta, tuta la udongo au majani marefu, au ukilala ndani ya banda. Lori la jirani linalounguruma au jenereta ya sheli inayopuliza upande wako inaweza kukuletea gesi hata kama gari lako limezimwa.

Wenye Aqua, Prius na haibridi nyinginezo, yaani magari yenye injini pamoja na mota ya umeme, sikilizeni hapa. Gari likiachwa limewashwa linakuwa kimya, unadhani limezimika. Betri ikishuka, injini inajiwasha yenyewe ukiwa usingizini. Zima kabisa.

Ukaguzi wa haraka ni kuuliza nani mwingine anaumwa. Kama ni zaidi ya mmoja, na nje mnapata nafuu, hesabuni kuwa ni gesi. Nendeni hospitali hata kama mnajisikia vizuri, na mseme wazi mlilala kwenye gari lenye jiko au injini iliyowashwa, maana mgonjwa wa gesi hii anahitaji oksijeni na daktari asipoambiwa anaweza kutafuta malaria. Kile kipimo cha kubana kidole kisiwatulize. Hakitofautishi damu iliyobeba kaboni monoksidi na iliyobeba oksijeni, hivyo namba inaweza kuonekana nzuri mtu akiwa mahututi. Asiyeamka, mtoeni kwenye hewa safi na mpige 112. Gari hilo lisilaliwe tena mpaka fundi amekagua ekzosi yote.

Kama hakukuwa na moto wala injini, sababu zilizobaki ni nyepesi: hewa nzito ya kujifungia, kutokunywa maji mchana kutwa, pombe, au shingo iliyolala upande. Fungua madirisha kidogo, kunywa maji, badilisha mto.

Hita inapuliza hewa ya uvuguvugu

Kabla ya yote, matumizi salama ya hita ni haya: washa injini ukiwa macho, mkiwa mahali pa wazi, ekzosi haijazibwa, pasha gari kwa dakika kumi hadi kumi na tano, zima, kisha ulale. Usilale nayo.

Sasa, kwa nini gari lililotoka Japani, nchi ya theluji, linashindwa kukupasha Njombe? Mara nyingi jibu liko gereji. Hita ya gari haina moto wake, inaazima joto la maji ya injini, na mafundi wetu wa Dar wana mazoea mawili yanayoiua. Gari likichemsha, fundi anang'oa thamostati, vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, na kukurudishia gari bila hiyo. Dar huoni tofauti. Nyanda za juu injini haifiki kwenye joto lake, mshale unabaki chini, hita inapuliza baridi na mafuta yanaisha haraka. Zoea la pili ni kuruka hita: bomba zake zikivuja, zinaunganishwa zenyewe kwa zenyewe na hita inabaki pambo. Hakuna anayelalamika, kwa sababu hakuna anayewasha hita Kimara.

Anza na kiwango cha maji, injini ikiwa imepoa kabisa. Maji yakipungua, hita ndiyo ya kwanza kukosa. Usifungue mfuniko wa rejeta ya moto, mvuke wake unababua uso. Kisha tazama mshale wa joto baada ya kuendesha nusu saa: usipopanda kufikia karibu na katikati, shuku thamostati. Mshale ukiwa sawa lakini hewa bado ni baridi, shika bomba mbili nene zinazoingia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, kwa uangalifu na feni ikiwa imesimama. Zote zikiwa za moto, tatizo ni kipepeo cha ndani kinachochanganya hewa. Moja ikiwa moto na nyingine baridi, hita imeziba kwa kutu, zawadi ya miaka ya kujaza maji ya bomba badala ya kulanti, maji maalumu ya rejeta yanayozuia kutu. Zisipokuwepo, au zikiwa zimeunganishwa pamoja, unajua fundi wako alifanya nini.

Kama ndani kuna harufu tamutamu, kioo cha mbele kinashika utando wa mafuta usiofutika, na zulia la abiria wa mbele limelowa, hita inavuja. Hapo usiendelee kuiwasha. Maji ya injini yanapungua bila wewe kuona, na kupanda mlima nayo ni kuunguza gasketi. Mwone fundi kabla ya safari kuendelea. Kwa kweli haya yote ni ya kukagua Dar wiki moja kabla ya kuondoka. Kumtafuta fundi wa hita Ilula usiku ni kazi nyingine.

Watu wanachungulia, wanagonga kioo

Wengi hudhani tiba ni kujificha zaidi. Kwa kawaida sababu ni kwamba mwenye eneo hajui upo. Kijijini na hata mtaani kwetu, gari geni lililosimama usiku na mtu ndani ni jambo la kila mtu: mlinzi, mwenyekiti, vijana wa ulinzi shirikishi. Ukijificha vizuri sana unakuwa mwizi machoni mwao. Kwa hiyo wapita njia wasikuone, lakini mwenye eneo ajue upo.

Kwenye sheli inayofanya kazi usiku kucha, jaza mafuta kidogo, kisha mfuate mlinzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Natoka Dar, naelekea Mbeya, usingizi umenizidi. Naomba nipumzike hapa mpaka alfajiri."

"Egesha pale karibu na ofisi. Usizibe njia ya malori."

Mpe ya chai. Akija mtu kuuliza, mlinzi huyohuyo ndiye atakayemjibu. Msibani, mwambie mmoja wa wenyeji gari lako liko wapi na nani amelala ndani. Gesti iliyojaa mara nyingi hukubali gari lilale uani kwa malipo madogo, na choo unapata.

Baada ya hapo ndipo tuangalie vinavyovutia macho. Cha kwanza ni mwanga wa simu. Gari lenye simu iliyowashwa ndani linaonekana tangu mbali. Cha pili ni khanga iliyobanwa mlangoni, ncha zikipepea nje: inamwambia kila mtu kuna aliyelala, na ikinyesha inavuta maji kuyaleta ndani. Kata boksi kwa umbo la kila dirisha ukiwa nyumbani, lipake rangi nyeusi upande wa nje, liandike namba ya dirisha, na lile la nyuma ya kioo utakachoshusha kidole lipunguze juu. Mbele weka kava ya jua. Gari lenye kava ya jua ni la kawaida, halimshangazi yeyote.

Cha tatu ni pilikapilika. Kula, piga mswaki na nenda chooni kabla hujafika unapolala, tandika kabla ya giza, zima taa ya ndani isijiwashe mlango ukifunguliwa. Na usifunge gari kwa rimoti ukiwa ndani kama lina alamu inayohisi mtikisiko. Utajigeuza na king'ora kitaamsha kijiji. Funga kwa kitufe cha mlangoni.

Kuhusu mahali: bega la barabara kuu si mahali pa kulala, lori linalokwepa shimo halikuoni. Hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara inaipasua kwa takribani kilomita 50, si ya kusimama usiku kwa sababu yoyote unayoweza kuiahirisha. Tembo na simba wako pale kweli. Bondeni pia epuka, hewa baridi ni nzito na hutiririka kukusanyika huko. Mwinuko mdogo juu yake huwa na nafuu.

Polisi wakigonga, washa taa ya ndani, mikono ionekane, shusha kioo kidogo, salimia, eleza. Anayegonga akiwa na vitisho, usishushe kioo na usibishane. Piga honi mfululizo, ondoka, piga 112. Ndiyo maana siti ya dereva isijazwe mizigo, ufunguo ukae mahali ambapo mkono unaujua gizani, na gari liangalie njia ya kutokea. Mama aliye peke yake na watoto, akikosa gesti, aombe kuegesha nje ya kituo cha polisi. Hakuna aibu ndani yake.

Mgongo umekaza, miguu imevimba

Umelala umekaa. Siti ikilazwa inaacha shimo kiunoni na jingine chini ya magoti. Jaza yote mawili kwa nguo zilizokunjwa. Kwenye IST au Passo, sogeza siti ya mbele ya abiria mbele kabisa, laza ya nyuma, na ulale kwa mshazari kichwa kikiwa nyuma ya dereva. Miguu isining'inie. Miguu yote miwili ikivimba kidogo, kutembea dakika kumi kunaipunguza. Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye shavu la mguu na kuwa wa moto, usiukande. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na ukisikia pia kifua kinabana au pumzi zinakatika, ni dharura ya hospitali saa hiyohiyo.

Alfajiri gari haliwaki

Sikiliza. Likilia tik-tik-tik na taa kufifia, betri imeshuka. Likiwa kimya kabisa, hakikisha gia iko P, kisha kagua terminali, vile vichwa vya betri vinaposhika waya. Likizungusha stata kwa nguvu bila kushika, betri haina kosa, tafuta kwenye mafuta au moto wa plagi. Kwa dizeli, washa swichi na usubiri ile taa ya umbo la springi izimike ndipo upige stata. Dar huwa hatuisubiri na gari linawaka, Njombe halikubali.

Betri hushuka zaidi kwa redio, kuchaji simu na taa ya ndani iliyosahaulika. Lakini wengi wanaoapa kwamba hawakuwasha chochote wana betri iliyochoka muda mrefu. Joto ndilo linaloizeesha betri, na Dar joto halipungui. Kwa kuwa injini ya moto huwaka kirahisi, uchovu hauonekani. Baridi inapunguza nguvu ya betri wakati uleule ambao oili imekuwa nzito, na uchovu unajitokeza. Pima kabla ya safari, gari likiwa limezimwa tangu usiku: volti 12.6 ni nzima, 12.2 imebaki karibu nusu, chini ya 12 usiondoke nayo.

Unga mweupe au wa kijani kwenye terminali usafishwe kwa maji ya moto baada ya kutoa waya wa hasi, kisha zikazwe.

Ukibusti, yaani ukiwasha gari kwa nyaya kutoka betri ya gari jingine, magari yasigusane. Waya mwekundu anza kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya nzima. Mweusi anza kwenye hasi ya nzima, ncha ya mwisho ibane chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, kwa kuwa cheche ya mwisho karibu na gesi ya betri inaweza kuilipua. Gari la otomatiki halisukumwi likawaka, msijichoshe. Haibridi usiitumie kubusti gari la mtu mwingine, na nyaya zake za rangi ya chungwa usiziguse kabisa.

Betri iliyovimba, inayovuja au inayonuka mayai yaliyooza usiibusti, usiipige piga wala usiinamie na sigara. Funga boneti, mwite fundi umeme aje na betri nyingine.